Meya: kura ya wananchi au ya madiwani?

Hoja
Meya wa jiji au manispaa Tanzania huchaguliwa na madiwani kutoka miongoni mwao. Chukueni Jiji la Dar es Salaam, ile iliyokuwa Manispaa ya Ilala: kata 36. Meya anakuwa amepigiwa kura na wakazi wa kata moja tu, kisha anavaa joho kwa niaba ya kata zote. Mkazi wa Chanika ambaye mtaro wake umeziba hana pa kumkamata. Halafu kuna ucheleweshaji. Mwaka 2015 tulipiga kura Oktoba 25, lakini meya wa Jiji la wakati ule, Isaya Mwita, alipatikana Machi 22, 2016, baada ya vikao kuahirishwa mara kadhaa huku watu wakibishania nani ni mjumbe halali. Siku ya uchaguzi mkuu tunapewa karatasi tatu: Rais, mbunge, diwani. Iongezwe ya nne, ya meya.

Jibu
Mkuu, hiyo ya nne itakupa meya wa aina gani? Fedha ziko kwa mkurugenzi wa jiji. Ni mteule wa Rais, ndiye afisa masuuli, yaani anayewajibika kwa fedha zote, na ndiye katibu wa baraza la madiwani. Meya anaongoza baraza kila robo mwaka na kamati ya fedha kila mwezi. Hati ya malipo haipiti kwake. Kampala walishalipitia hili. Erias Lukwago alichaguliwa meya moja kwa moja na wananchi mwaka 2011, lakini sheria ya jiji ya 2010 ilikuwa imeshampa utendaji mkurugenzi mteule wa Rais, Jennifer Musisi. Wakavutana hadi Novemba 2013 madiwani walipomng'oa Lukwago. Mwaka 2016 wananchi wakamrudisha, kwenye kiti kilekile kisichoshika fungu la fedha.

Jibu
Basi tazameni Nairobi, ambako tangu 2013 gavana anachaguliwa na wananchi na utendaji ni wake. Huko tatizo ni mamlaka kumlalia mtu mmoja. Naibu, Polycarp Igathe, alijiuzulu Januari 2018; Gavana Mike Sonko akaendelea bila naibu hadi alipoondolewa Desemba 2020, na Spika wa bunge la kaunti ndiye akakaimu. Kabla ya hapo, Februari 2020, kazi nyeti za kaunti zilikuwa zimekabidhiwa serikali kuu. Kwa hiyo kumchagua meya pamoja na mgombea mwenza hakutoshi. Sheria itaje idadi ya siku za kujaza nafasi ya naibu, na nini kifuate zikipita.

Mtoa hoja
Nakubali, na la mkurugenzi ndilo zito. Abaki afisa masuuli, maana mwanasiasa kusaini malipo ni hatari, ila nafasi itangazwe, baraza limsaili, na meya awe na haki ya kupeleka pendekezo la kumwondoa. Rasimu ya bajeti itoke kwa meya. Akiwa chama kimoja na baraza chama kingine, wakikwama hadi Julai 1, matumizi ya kawaida yaendelee kwa makisio ya mwaka uliopita kwa miezi mitatu, miradi mipya isubiri. Kumwondoa meya iwe theluthi mbili ya wajumbe wote, na idadi hiyo isomwe kabla ya kura. Mwita alipoondolewa Januari 2020, ubishi ulikuwa kama theluthi mbili ilitimia. Kifungu cha mkurugenzi kikiachwa kilivyo, hiyo karatasi ya nne siiungi mkono.