Tupeane uzoefu: kiharusi kilipopiga hodi kwenu, mlikijuaje?

MamaWawili: Jana kwenye matatu ya Umoja mzee mmoja alishindwa kutoa nauli. Sarafu zinamponyoka, akijibu ulimi mzito. Konda akamfokea eti amelewa. Nikaruka, maana nilishayaona hayo kwa mume wangu. Tulimkimbiza hospitali. Usiku sikulala. Nyinyi je?

Dada_Kayole: Pole mama. Kwetu pia kilianzia mkononi.

Mwana_wa_Fundi: Umenikumbusha mbali. Baba alikuwa fundi cherehani Kariobangi. Asubuhi anakunywa chai, ikamwagika pembeni mwa mdomo, ikalowesha shati, na mwenyewe hana habari. Wiki moja kabla, mkono ulikuwa umekufa ganzi kama dakika 10, akashindwa kutia uzi kwenye sindano. Uliporudi akasema ni baridi ya Julai. Kile ndicho kilikuwa kiharusi kidogo, na tukakiacha kipite! Siku ya chai, jirani akaja na sindano akamtoboa vidole vyote eti presha ishuke. Naona mpaka leo matone ya damu kwenye kitambaa cha mteja. Saa 2 zikapotea hapo, kisha msongamano wa Outer Ring. Daktari akauliza: "Mara ya mwisho kumwona mzima ilikuwa lini?" Ni jana yake usiku, kabla ya kulala. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu wakati huo. Tulikuwa tumechelewa.

Juma_254: Pole sana. Lakini kutoboa vidole kunasaidia, shangazi yangu alipona hivyo.

Nesi_wa_Zamu: Juma, usipotoshe watu. Huenda shangazi alipata kile kidogo, ambacho hupita chenyewe. Alipaswa kwenda hospitali siku hiyohiyo, maana kikubwa kinaweza kufuata ndani ya siku 2.

Juma_254: Wewe hukuwepo.

Nesi_wa_Zamu: Sikuwepo, lakini nawapokea waliochelewa kila wiki. Tena msimpe aspirini kabla ya picha ya kichwa. Kama mshipa umepasuka, mtazidisha kuvuja. Wala maji, yatampalia.

Babu_Makadara: Mke wangu hunipima kila asubuhi: nicheke, ninyanyue mikono yote miwili, nitaje wajukuu kwa majina. Majirani wanadhani tuna kwaya.

Dada_Kayole: Na chumvi ya kachumbari tupunguze.

Juma_254: Babu yangu alikula chumvi mpaka miaka 90.

Shosh_Dandora: Mimi niliacha dawa za presha kwa sababu nilijisikia mzima. Sikuumwa hata kichwa. Nilianguka sokoni na sukuma zangu mkononi. Mwenye dawa asiache, jamani, nawaomba.

MamaWawili: Mwana wa Fundi, mzee anaendeleaje?

Mwana_wa_Fundi: Anafanyishwa mazoezi mara 2 kwa wiki. Juzi alifunga kifungo cha shati mwenyewe, kimoja tu, cha juu. Mama alitaka kumsaidia, akamsukuma mkono.