Bango la A2: kwenye skrini picha inawaka, kwenye karatasi imefubaa

Muuliza swali:
Wakuu, naombeni msaada. Nimesanifu bango la A2, picha ya nyuma ni ya kamera ya megapikseli 24, mtu amevaa shuka la bluu. Likichapwa, bluu inageuka zambarau, vivuli vinakuwa tope, na mstari wa chini wa maandishi umekatwa nusu. Nilipeleka JPEG ya RGB (rangi za skrini), dpi 150 (nukta kwa kila inchi). Mchapaji anasema kosa ni langu. Nianzie wapi?

Jibu 1:
Anza na bluu, maana ndiyo inayosumbua wengi. Bluu kali ya skrini haipatikani kwa wino wa CMYK (sayani ya samawati, majenta ya waridi, njano na nyeusi). Programu ikiibadilisha huijaza majenta nyingi, na hapo ndipo zambarau inapotoka. Kwenye Photoshop fungua Selective Color, chagua Blues, punguza majenta mpaka iwe chini ya sayani kwa pointi 30 hivi. C100 M65 (sayani 100%, majenta 65%) bado ni bluu, C90 M80 tayari ni zambarau. Mwombe mchapaji profaili (faili inayoeleza rangi za mashine na karatasi yake), iweke kwenye Proof Setup, kisha bonyeza Ctrl+Y uone rangi zitakavyotoka kwenye karatasi. Bluu itafifia mbele ya macho yako. Usiizime hali hiyo kwa hasira, hariri ukiwa humo humo.

Tope la vivuli mara nyingi ni skrini iliyowekwa mwanga mkali mno: unaona maelezo ambayo karatasi haiwezi kuyaonyesha. Shika karatasi nyeupe kando ya skrini, teremsha mwanga mpaka weupe ulingane, halafu inua vivuli kidogo kwa Curves (kifaa cha kurekebisha mwanga wa picha). Karatasi isiyong'aa hunywa wino, kwa hiyo inua zaidi.

Jibu 2:
Kwenye kukatwa: A2 ni mm 420 × 594, lakini faili inatakiwa iwe 426 × 600, yaani ziada ya mm 3 kila upande, kwa sababu kisu huyumba. Picha ivuke mpaka kwenye ziada. Maandishi yakae angalau mm 10 ndani ya mstari wa kukata.

Hiyo dpi 150 uliipunguza bure. Picha yako ina pikseli 4000 × 6000. Kamera inapiga 3:2 na A2 ni fupi kuliko hapo, kwa hiyo utapoteza pikseli kama 360 za urefu, na utabaki na dpi takriban 240. Bango la kutazamwa kwa umbali wa mita moja halihitaji zaidi. Ila ukipiga, acha nafasi juu ya kichwa; bila hiyo, kichwa cha habari kitakaa kwenye paji la uso.

Na maandishi yasiunguzwe ndani ya JPEG, kingo zake huota vumbi. Toa PDF, fonti zikiwa ndani, herufi ndogo nyeusi ziwe K100 tupu (wino mweusi peke yake). Ukizipa rangi zote nne, sahani za kuchapia zikisogea kidogo tu utaona vivuli vya rangi pembeni ya herufi.

Muuliza swali:
Nigeuze CMYK mwenyewe?

Jibu 1:
Muulize mchapaji kwanza. Akipokea PDF/X-4 (aina ya PDF ya kuchapishia), picha ibaki RGB yenye profaili yake. Akitaka CMYK, geuza nakala, si faili mama. Rangi iliyopotea hairudi ukigeuza tena. Kabla ya bango zima, chapisha kipande cha sentimita 10 chenye shuka, uso na kivuli, kwenye karatasi ile ile.