Chujio la masizi la gari la dizeli kwa safari fupi za Tanga

Swali: Wanajamvi, gari langu la dizeli huzunguka Chumbageni, Ngamiani na Raskazone tu, na taa ya chujio la masizi, lile linalonasa masizi kwenye bomba la moshi, imeanza kuwaka, nilitunzeje?

Jibu: Ndugu, masizi huungua pale chujio linapofikia joto la nyuzi 600 hivi, ambalo safari fupi za mjini hazilifikishi, kwa hiyo, taa ikiwaka, elekea Muheza kwa mwendo wa kasi ya wastani usiokatikakatika, wala usizime injini kabla uunguzaji haujakamilika.

Jibu: Tumia pia oili isiyo na majivu mengi, kwani majivu, tofauti na masizi, hayaungui.

Jibu: Taa isipozimika, fundi akague nozeli (vipulizia mafuta vya injini) zinazovuja, maana zitalijaza chujio masizi tena. Wanaoshauri kulitoboa, kusema kweli, wanauhamishia moshi mtaa mzima.