Naomba ushauri: oksimita ya kidole kwa mtoto wa miaka miwili

Habari zenu ndugu. Mwanangu ana miaka miwili, ndiyo kwanza anatoka kuugua nimonia. Daktari ameturuhusu tumwangalie nyumbani: tupime oksijeni ya damu kwa oksimita asubuhi na usiku, ikishuka chini ya 92% tumrudishe hospitali. Oksimita tuliyonayo ni ile ya kubana kidole, ya watu wazima.

Shida ni kwamba namba haitulii. Akiwa macho anarusha mkono, basi inaonyesha 97, mara 88, mara vistari tu. Nimempasha vidole joto, nimemfuta rangi ya kucha (dada yake huyo!), nimejaribu kidole gumba cha mguu akiwa amelala. Mguuni hutulia kwenye 95 au 96, ila mapigo ya moyo mara nyingine inaandika 60 hivi, wakati nikimwekea mkono kifuani nahisi yanakwenda kasi kuliko hapo. Ndiyo maana hata hiyo 95 siiamini. Nikijipima mimi, inasoma vizuri.

Kupumua kwake hakunitishi: kifua hakibonyei ndani, midomo haijawa ya bluu, anakunywa na kucheza. Hayo yakibadilika nitampeleka hospitali bila kungoja mashine.

Mliowahi kumpima mtoto mdogo: hii ya watu wazima inaweza kusoma sawasawa mguuni, au ni lazima nitafute ya watoto, yenye kihisio cha kufunga kuzunguka kidole? Na huwa mnasubiri namba itulie kwa muda gani kabla ya kuiandika?