Alendroneti na mlonge kwa mifupa iliyopungua madini: pamoja au moja tu?

BintiPangani: Wakuu, habari za jioni. Mama yangu ana miaka 68. Aliteleza bafuni akavunjika kifundo cha mkono, na kipimo cha DEXA (eksirei ya kupima wingi wa madini kwenye mifupa) kikaonyesha mifupa imepungua madini. Kaandikiwa alendroneti 70 mg, kidonge kimoja kwa wiki, pamoja na kalsiamu na vitamini D. Shangazi naye kaleta unga wa mlonge na pakiti ya unga wa kahawia, haina jina, kaambiwa ni "dawa ya mifupa". Kaka anataka za hospitali tu, shangazi za asili tu, mimi nawaza zote. Mnashauri nini?

Mzee_Muheza: Pole kwa mama. Mlonge kwetu ni mboga, majani yake yana kalsiamu nyingi kweli. Ila kwa mtu aliyekwishavunjika, usiutegemee peke yake. Mlonge unaleta malighafi. Alendroneti inazuia chembe zinazoumega mfupa, na kazi hiyo mlonge hauwezi kuibeba.

Mfamasia_Moro: Nakubaliana na mzee. Kwenye kuchanganya, angalieni saa. Alendroneti humezwa asubuhi kabla ya kula chochote, kwa glasi nzima ya maji matupu. Si chai, si maziwa, si uji. Halafu mama akae wima au atembee angalau nusu saa, asirudi kitandani, maana kidonge kikikwama kinaunguza koo la chakula. Akinywa na mlonge, maziwa au vidonge vya kalsiamu kwa pamoja, kalsiamu inainasa dawa tumboni na hainyonywi. Mlonge uwe wa mchana, kwenye mboga. Kama anatumia dawa za sukari, daktari ajue, kwa sababu mlonge nao unaweza kushusha sukari.

Njiwa_Pori: Mimi kinachonitisha ni hiyo pakiti ya kahawia. Bibi yetu alipewa ya namna hiyo kwa ajili ya magoti. Maumivu yakakatika upesi mno, hamu ya kula ikapanda, uso ukavimba ukawa duara. Daktari akatuambia baadhi ya unga huu huchanganywa kwa siri na deksamethasoni au prednisoloni. Steroidi hizo zikitumika muda mrefu ndizo zinazomaliza mifupa! Na kama mtu ameshazoea, asiache ghafla bila daktari, ni hatari.

MamaAshura: Jamani tusizitupe za asili zote. Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lipo na linasajili waganga. Hata China wanachanganya, yinyanghuo (mmea wao wa asili wa mifupa) na dawa za kisasa, kwa mgonjwa mmoja.

Mfamasia_Moro: Kweli dada, lakini mara nyingi kule daktari mmoja ndiye anayeandika zote mbili na kumfuatilia mgonjwa. Hapa kwetu shangazi anaandika, daktari hajui. Tena mganga kusajiliwa si sawa na dawa yake kusajiliwa, ulizeni vyote viwili.

BintiPangani: Nawashukuru sana. Pakiti hajaianza, nimeificha, naipeleka kliniki daktari aione. Mlonge utakuwa wa mchana. Swali moja: mama aliwahi kuambiwa figo zake zimechoka kidogo, ina shida?

Mfamasia_Moro: Hilo mwambieni daktari kabla ya kidonge cha kwanza, apime kazi ya figo. Zikiwa dhaifu sana alendroneti haifai, atamtafutia nyingine.