Sarafu ya mizani nimeipata shambani Pemba, ni ya Barghash au? Naomba ushauri

MtuWaWete: Asalam aleykum jamani. Mie nipo Pemba pande za Wete, ami yangu kapata ditekta ya vyuma basi tunapita nayo shambani kwetu chini ya mikarafuu, mwanzo ilikuwa vifuniko vya soda na vipande vya mabati tu mpaka tukachoka, juzi ikalia karibu na msingi wa nyumba ya zamani tukachimba kama shubiri moja. Kuna sarafu ya shaba imefanya kijani, upande mmoja ina mizani ya vitanga viwili na chini yake namba za kiarabu, naona 12 halafu kitu halafu 9, upande wa pili udongo umeganda sioni kitu. Kuna jengine kubwa jeupe zito lina mwanamke na 1780. Na misumari ya pembe nne kama mitatu hivi. Ami anasema ya mizani ni ya Sayyid Barghash, yule sultani wa Zanzibar, basi, na kuna jamaa ashaanza kuulizia bei. Nisugue na nini na nitajuaje umri wake?

KijanaDarajani: Ndimu na majivu tu mkuu, bibi zetu madele ya kahawa walisafishia hivyo hivyo na yaking'aa kama mapya

SarafuKongwe: Yakhe dele na sarafu wapi na wapi! Ndimu inakula shaba, ile kijani ikitoka inatoka na maandishi, halafu hata ukiuza mnunuzi anayejua akiona imesuguliwa anashusha bei hapo hapo. Roweka kwenye maji yale ya kuongezea betri (yale masafi, SIO tindikali angalia usije ukachanganya), badilisha maji kila siku, udongo ukilainika utoe kwa kijiti cha mti au mswaki laini wa mtoto. Sindano weka mbali.

Sasa mizani. Barghash kweli alitoa za shaba zenye mizani, mwaka 1299 na 1304 za hijria, yaani 1882 na 1887 hivi. Lakini kabla yake kampuni ya Waingereza ya India, East India Company, ilipiga zake Bombay na hizo nazo zina mizani na mwaka wa hijria chini, na biashara ya huku na Bombay unaijua mwenyewe. Kwa hiyo tazama ile namba ya tatu, ni ٩ (tisa) au ٤ (nne)? Ikiwa 1299 ni Barghash, ikiwa 1249 ni Bombay. Na angalia katikati ya vitanga, za Bombay zimeandikwa عدل (adl, yaani uadilifu). Upande wa pili ndio unamaliza ubishi, ya Barghash ni maandishi ya kiarabu, ya kampuni ina ngao na mwaka wa kizungu.

BintiMkoani: Hiyo ya mwanamke ni riale ya Maria Theresa kaka. 1780 usiitegemee kabisa, ndio mwaka aliofariki malkia mwenyewe, baada ya hapo wakaendelea kuzipiga na mwaka ule ule, hata London walipiga kuanzia 1936. Yako inaweza kuwa ya juzi tu kwa babu yako. Kapime kwa sonara, inatakiwa gramu 28 na upana karibu sentimita 4, ikipungua sana tia shaka.

FundiJahazi: misumari ya pembe nne watu hukimbilia kusema ya wareno 😂 mafundi wa majahazi wameifua kwa mkono miaka na miaka, peke yake haikwambii kitu, ila weka alama ulipoitoa ipo karibu na nini maana ikiwa na zile sarafu ni habari nyengine

MwlHistoria: Muhimu, msiende na hiyo ditekta kwenye magofu ya Mtambwe Mkuu wala Ras Mkumbuu. Mtambwe hapo karibu na Wete mwaka 1984 waakiolojia walifukua sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari za dhahabu, na habari zake zilieleweka kwa sababu zilikutwa pamoja mahali pake. Magofu yanalindwa na sheria. Hata za shambani kwenu piga picha shimo na sarafu pembeni ya rula kabla hujamuonesha huyo mnunuzi, kisha waoneshe watu wa makumbusho Chake Chake.

MtuWaWete: Nimerudi. Udongo umelainika, ni ٤ wallahi, mkia wake umejipinda kabisa na katikati pana kitu kama عدل. Upande wa pili kuna ngao na simba, chini 18 na 33

SarafuKongwe: 1249 na 1833 zinakubaliana. Bombay hiyo, imemtangulia Barghash kwenye kiti karibu miaka 40. Ila bei usitarajie makubwa, zilitolewa nyingi sana.

MtuWaWete: Shukran sana. Yule jamaa nshamwambia asubiri, ijumaa tunashuka Chake na picha. Shida ni ami, hataki kusikia, anasema yeye kaambiwa na babake hapo walizika pesa za Barghash na keshaanza shimo jengine

KijanaDarajani: mwambie aache kidogo mikarafuu mizizi yake 😂