Baba analinda nyumba kama geti la bandari, na washenga wako njiani. Naombeni ushauri

Binti wa Chuda

Habari za jioni wanajamvi, na shikamooni wakubwa wote.

Nyumbani kwetu hapa Tanga tumezaliwa mabinti watatu, sote watu wazima. Mimi ndiye mkubwa, nina miaka 29, nafundisha shule ya msingi. Anayenifuata anauza duka la dawa huko Ngamiani, na kitindamimba amemaliza chuo, anatafuta kazi. Baba alikuwa mlinzi wa geti bandarini mpaka alipostaafu. Kazi ile aliipenda kwa moyo wote, na sasa geti amelihamishia nyumbani.

Pembeni ya mlango wa mbele kuna kiti, na juu ya kiti kuna kauntabuku yenye kalamu iliyofungwa kwa uzi wa mshipi wa kuvulia. Mwanaume yeyote akipiga hodi lazima aandike jina, anakotoka, anamfuata nani na saa aliyoingia. Akitoka anaandika saa ya kutoka na kutia saini. Juzi alikuja kijana wa kusoma mita ya maji. Baba alimuuliza kama ameoa, anaswali msikiti gani, wazazi wake wenyeji wa wapi, na kwa nini mwezi uliopita alikuja mwingine. Kijana wa watu alijibu yote kwa adabu, akatia saini, akaondoka bila kuisoma mita. Ankara iliyokuja ni ya makadirio, na mama ndiye anahangaika nayo mpaka leo.

Kisa cha grisi ndicho kilichotuumiza zaidi. Watoto wa jirani hupanda ukuta wetu kuchuma maembe. Baba akashika kwamba hao si wa maembe, wanachungulia dirisha la mabinti, akapaka juu ya ukuta grisi nzito ya magari kutoka kona mpaka kona. Ijumaa iliyofuata mama alikwenda msibani Pongwe na ufunguo, sisi tuko makazini, baba amefungiwa nje na kofia yake iko ndani. Adhana ikakaribia. Akaamua kuruka ukuta, na amevaa kanzu nyeupe aliyoletewa kutoka Hija. Nilipofika nyumbani nilimkuta amekaa barazani, kanzu ina mistari miwili myeusi kifuani mpaka magotini, hasemi kitu. Tuliifua kwa mafuta ya taa, tukaifua kwa sabuni ya mche, tukaianika juani na kuifua tena. Haikutoka. Niliona uchungu, kwa sababu alikosa Ijumaa, na yeye si mtu wa kukosa Ijumaa.

Kuna na siku alimfuata kitindamimba kwa baiskeli hadi Raskazoni, kwenye sherehe ya wenzake wa chuo. Mnyororo ukachomoka, akaingia mtaroni. Mdogo wangu akaiacha sherehe, akamrudisha baba kwa bajaji, baiskeli imefungwa nyuma.

Sasa jambo lenyewe. Huyu wa kati amepata mchumba, fundi umeme wa Muheza, kijana mtaratibu, na wazee wake wanataka kuleta barua mwisho wa mwezi. Mshenga ni mzee wa makamo ya babu yetu. Nikimfikiria amesimamishwa mlangoni anaulizwa anaswali wapi, usingizi unaniruka. Mama anasema tumwache, atachoka mwenyewe. Hajachoka.

Naomba mnielewe, baba yetu tunampenda. Wenzetu mtaani walipokuwa wanaolewa baada ya darasa la saba, yeye alikuwa anatulipia ada, na maneno ya watu aliyasikia akayapita. Sitaki aaibike mbele ya wakwe, na sitaki mdogo wangu apoteze bahati yake. Nani aseme naye, na aseme nini?

Mama Makorora

Mwanangu, pole na hongera, posa ni heri. Ninyi mabinti msiseme naye. Jambo la posa mtoto hamwambii baba yake, hata awe na miaka hamsini. Tafuteni shangazi, dada wa baba wa tumbo moja. Shangazi anaweza kumwambia kaka yake neno ambalo mama yenu miaka yote ameshindwa kulisema.

Pili, washenga wasije kwa kushtukiza. Mshenga anayejua kazi yake hutanguliza salamu, hupewa siku, na siku hiyo hupokelewa na baba mkubwa au baba mdogo. Baba mzazi anakaa ndani na wazee wenzake, haendi mlangoni kabisa. Barua inapokewa, inasomwa, na jibu halitoki siku ileile. Wageni wanaambiwa "tumesikia, tutawaita". Hapo baba yenu anapata nafasi ya kuuliza yote anayotaka kuuliza.

Msoma Sheria

Dada, mdogo wako ana zaidi ya miaka 18, kwa hiyo kisheria hahitaji ruhusa ya baba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 17, ilidai ridhaa ya mzazi kwa msichana aliye chini ya miaka 18 tu. Na kifungu hicho, pamoja na cha 13 kilichoruhusu ndoa za utotoni, Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kuwa vinakwenda kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono mwaka 2019. Mdogo wako ajue kwamba haki iko upande wake.

Ustadh wa Msambweni

Ndugu yangu Msoma Sheria umesema kweli, lakini hawa wanataka nikaha, na sisi Waislamu wa pwani wengi wetu ni wa madhehebu ya Shafi. Kwetu nikaha haisihi bila walii, yaani msimamizi wa bibi harusi, na walii wa kwanza ni baba. Walii akizuia bila sababu ya kisheria, jambo linapelekwa kwa kadhi, na kadhi anaweza kuozesha. Ila dada, baba yako hajakataa! Hata barua hajaiona. Msimpeleke mzee kwa kadhi kwa kosa la kuweka daftari.

Mzee Mstaafu

Binti, mimi nina mabinti wanne na nimestaafu, nitakueleza kilicho moyoni mwa baba yako. Mtu aliyezoea magari kusimama akiinua mkono, akikaa nyumbani asubuhi mpaka jioni hana wa kumsimamisha, anaumia. Mkimnyang'anya daftari mtamvunja. Mpeni kazi yake halali.

Kupeleleza mchumba ni wajibu wa baba. Muheza si mbali, magari yapo kutwa nzima. Aende mwenyewe, aswali adhuhuri msikiti wa mtaa wa kijana, amuulize imamu, majirani, na mwenyekiti wa mtaa. Apite hata kwa mtu aliyetandaziwa waya na huyo fundi, aone kama kazi ni safi. Akirudi na habari njema aliyoichimba mwenyewe, hakuna atakayempinga. Mimi mkwe wangu wa pili nilimpata hivyo, na leo ndiye ninayempigia simu usiku nikiumwa.

Kijana wa Duga

Mimi nasemea upande wa waoaji. Mkwe wangu alinikalisha nje adhuhuri mpaka laasiri ndipo akatoka. Sikuchukia, maana mke wangu alinitahadharisha mapema. Mwambieni mchumba habari zote, pamoja na daftari, naye amwambie mshenga. Mzee wa pwani akijua kinachomsubiri atatia saini huku anacheka.

Na ile grisi futeni, tafadhali. Wageni watakuja na kanzu.

Binti wa Chuda

Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Nimempigia shangazi yuko Pangani, anakuja Alhamisi. Baba mkubwa amekubali kupokea wageni. Grisi tumeifuta leo, mimi na kitindamimba, kwa mafuta ya taa na matambara, na baba ametuona hakusema kitu.

Mama alipomdokeza tu kwamba kuna kijana wa Muheza wa kuulizia, baba aliuliza nauli ni shilingi ngapi siku hizi, akakaa akaandika maswali yake kurasa mbili. Nimeyasoma. Mengine ni ya maana kabisa, kuna la madeni na la namna anavyoishi na mama yake.

Limebaki daftari. Siku ya barua tulifiche?

Mama Makorora

Msilifiche, lihamisheni ukumbini, na baba yenu awe mwandishi wa kikao. Ndoa nyingi zinaleta ugomvi kwa sababu mahari yalitajwa kwa mdomo. Aandike wazee waliohudhuria pande zote mbili, kiasi cha mahari kilichotajwa, kilichotolewa na kilichobaki, kisha mashahidi watie saini. Wakwe watamheshimu kwa hilo. Mwambie shangazi yako amuombe yeye, asiamrishe. Na chai itoke barua ikishapokewa, si kabla.